Vijana Wetu na Maombi ya Kusomea Sheria

(Hotuba iliyotolewa msikitini baada ya Sala ya Alasiri, mbele ya vijana waliomaliza kidato cha sita, wazazi wao na waumini wengine.)



Twamshukuru Mwenyezi Mungu Aliyetuwezesha kukaa pamoja alasiri hii kwa ajili ya jambo ambalo kwa kawaida halizungumzwi msikitini. Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, hutujia vijana wakisema kwamba wanataka kusomea sheria. Tunafurahi, tunawaombea dua, tunawapa mkono, nao huenda zao. Baada ya miezi mitatu tunapomwuliza mmoja wao amefikia wapi, hutazama chini. Hakupata nafasi. Na tulipochunguza, tukaona mara nyingi hakukosa kwa upungufu wa akili. Alikosa kwa sababu ya karatasi, au jina, au namba ya simu. Tulikuwa tukiomba dua bila kumfunga ngamia.

Tuanze na tukio ambalo bado linatuuma. Miaka michache iliyopita mama mmoja wa safu za nyuma alitujia baada ya Sala ya Isha, akiwa na karatasi aliyoifunga katika pindo la kanga. Mumewe alifariki, akaacha watoto wanne na nyumba ya vyumba sita. Shemeji zake walifanya kikao cha ukoo bila kumwita, wakamteua mmoja wao awe msimamizi wa mirathi, wakaenda mahakama ya mwanzo na muhtasari wa kikao hicho. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa mahakama. Mama hakuliona, na hata angaliliona asingalijua kwamba ana haki ya kuweka pingamizi. Karatasi aliyotuletea ilimtaka ahame.

Tulitazamana. Msikitini humu walikuwamo walimu, mafundi, wauguzi, wafanyabiashara na mhasibu mmoja. Hapakuwa na hata mtu mmoja aliyeweza kuisoma karatasi ile na kumwambia yule mama kwa uhakika afanye nini kesho asubuhi. Mafungu ya mirathi tuliyajua kwa moyo. Twajua kwamba mke mwenye watoto fungu lake ni thumuni, na watoto wana mafungu yao. Lakini mlango wa kupitia ili haki hiyo itambuliwe hatukuujua. Hadi tulipompata mtu wa msaada wa kisheria mjini, vyumba viwili vilikuwa vimekwisha pangishwa kwa wageni na kodi inachukuliwa na wengine.

Inafaa ieleweke kwamba hapa Tanzania Bara mahakama ya mwanzo ndiyo yenye mamlaka ya kusikiliza mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila. Hakimu anayepima mafungu ya yatima wetu huenda hakupata kuisoma elimu ya mirathi msikitini wala madrasa, wala hilo si kosa lake. Ni nani atakayemweleza kwa lugha ya mahakama na kwa vifungu vya sheria za nchi? Ni kweli kwamba kwa muda mrefu mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama ya mwanzo, lakini hakuna sheria iliyowahi kumkataza mwanasheria kumsomea mjane karatasi yake na kumwandikia pingamizi.

Wapo ndugu wanaosema kwamba kazi ya uwakili ni kuuza uongo, na kwamba mzazi mcha Mungu asimpeleke mwanawe huko. Tunaijua hofu yao. Mtukufu Mtume (s.a.w.) aliwaonya waliokwenda kuhukumiwa mbele yake kwamba huenda mmoja akawa hodari wa hoja kuliko mwenzake, na yule anayepewa haki ya ndugu yake kwa sababu ya ufasaha huo amepewa kipande cha moto. Onyo hilo ni zito, na kila anayetaka kusomea sheria alibebe moyoni. Lakini halikusema ufasaha uachwe mikononi mwa wanyang'anyi. Wale shemeji walikuwa na mtu wa kuwaandikia karatasi. Mjane hakuwa naye.

Sasa tuingie katika maombi yenyewe, na tuanze na majina, kwa kuwa hapo ndipo vijana wetu wengi hujikwaa. Sisi Waislamu tuna desturi nzuri ya kumpa mtoto jina, kisha tuna desturi mbaya ya kutojali limeandikwaje. Mtoto akizaliwa huitwa Mwanaisha. Bibi humwita Aisha. Mwalimu wa darasa la kwanza huandika Asha kwa kuwa ndivyo alivyosikia. Jina la ukoo huwa Ramadhani katika kadi ya kliniki, na Ramadhan katika cheti cha shule. Babu huongezwa mahali pengine, pengine huachwa. Nyumbani mambo haya hayana madhara. Siku ya kuomba chuo huwa ukuta.

Mfumo wa maombi humtambua kijana kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, na jina lililo kwa Baraza la Mitihani ndilo litakalomfuata. Akiomba mkopo, Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Vyeti viwili vikionyesha watu wawili, ombi husimama. Dawa yake ipo, nayo ni ya kisheria: kuna hati ya kiapo kwa tofauti ndogo, na kuna hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hati hizi huchukua muda na zina gharama. Zifanyieni kazi mapema, wakati mtoto angali kidato cha tano, msisubiri wiki ya mwisho ya maombi.

Na hapa tuseme jambo ambalo baadhi ya wazazi hawatalipenda. Alitujia baba mmoja, mtu mwema, mwenye kuhudhuria sala zote, akataka tumshuhudie ili cheti cha kuzaliwa cha mwanawe kitolewe kikionyesha umri uliopunguzwa miaka miwili. Alisema kila mtu hufanya hivyo. Tulikataa, akakasirika, na kwa Ijumaa mbili alisali msikiti mwingine. Baadaye alirudi, na kijana amekwisha pata cheti chenye tarehe yake ya kweli. Ndugu zetu, fomu ya maombi ina mahali ambapo mwombaji anathibitisha kwamba yote aliyoyaandika ni kweli. Kwa anayetaka kuwa mwanasheria, huo ni ushahidi wake wa kwanza. Akiwa wakili, kazi yake itakuwa kuwaapisha wengine. Ataanzaje kazi hiyo kwa kiapo cha uongo juu ya siku aliyozaliwa na mama yake? Zaidi ya hayo, vyeti hivyo atavionyesha tena na tena, na kila atakapovionyesha ataogopa.

Tukija kwenye sifa za kujiunga, Tume ya Vyuo Vikuu hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo chenye masharti ya kila kozi katika kila chuo. Kisomeni wenyewe, msisimuliwe. Kwa jumla, aliyemaliza kidato cha sita huhitaji ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi 4. Kwa hesabu inayotumika, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Maana yake ni kwamba D mbili zinatimiza sharti hilo la jumla. Kijana akisikia hivyo hulala usingizi mnono. Lakini kutimiza sharti ni kuruhusiwa kupanga foleni tu. Wenye A na B nao wamo katika foleni hiyo hiyo, na nafasi za sheria katika vyuo vinavyokimbiliwa na wengi huisha upesi. Tena vyuo huweka masharti yao ya ziada, hasa juu ya masomo ya sanaa na Kiingereza.

Kwa hiyo kijana asijaze chuo kimoja tu kwa sababu ya jina lake. Ni kweli kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina heshima ya pekee katika fani hii. Kilipofunguliwa Oktoba 1961, kikiwa Chuo Kikuu Kishiriki katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilianza na kitivo kimoja tu, nacho kilikuwa cha sheria, kwa kuwa nchi ilikuwa inapata uhuru na wanasheria Waafrika walihesabika kwa vidole. Lakini leo sheria hufundishwa pia Mzumbe, Chuo Kikuu Huria na penginepo. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, na Chuo Kikuu cha Zanzibar kule Tunguu, hufundisha sheria za nchi pamoja na Sharia, jambo ambalo kwa shida kama ile ya mjane wetu lina faida iliyo wazi. Na kijana ambaye alama zake za kidato cha sita hazikutosha asijione amefungiwa. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto hutoa cheti na stashahada ya sheria, na mwenye stashahada yenye wastani mzuri anaweza kuomba shahada kwa njia hiyo. Atachelewa miaka miwili au mitatu. Wapo waliochelewa hivyo wakafika wakiwa imara kuliko waliopita njia fupi.

Tangu mwaka 2017 waombaji hutuma maombi moja kwa moja kwa vyuo, si kwa mfumo mmoja wa Tume kama ilivyokuwa tangu 2010. Hili limeleta urahisi na limeleta mtego. Aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hana budi kuthibitisha chuo kimoja anachokitaka, na huthibitisha kwa namba ya siri inayotumwa katika simu yake. Muda wa kuthibitisha ni mfupi.

Sikilizeni yaliyompata kijana wetu mmoja. Alikuwa na B mbili na C moja, tena ni msomaji mzuri wa Kiingereza. Alikwenda kwenye steshenari karibu na stendi, akampa mhusika vyeti na fedha, akajaziwa. Mhusika yule, kwa haraka zake, aliandika namba ya simu yake mwenyewe na barua pepe yake mwenyewe, na nywila akaiweka yeye. Kijana alichaguliwa na vyuo viwili. Ujumbe wenye namba ya siri ukaingia katika simu ya mtu wa steshenari, ambaye kwa wakati huo alikuwa amekwenda msibani mkoani, na simu amezima. Siku zikapita. Kijana alipojua, muda ulikuwa umekwisha, na awamu iliyofuata ikawa imebakiza kozi asizozitaka. Alikaa nyumbani mwaka mzima akiuza vocha. Hatumlaumu mtu wa steshenari sana. Hatukumfundisha kijana wetu kwamba simu na nywila ni amana asizomkabidhi mtu. Humu msikitini kulikuwa na kompyuta mbili, zimefunikwa kitambaa.

Kuhusu gharama tutasema machache. Shahada ya sheria huchukua miaka mitatu au minne kulingana na chuo. Wazazi wengi hutegemea Bodi ya Mikopo, na wengine humu walikuwa wakisita kwa sababu ya ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka juu ya deni, wakiona inafanana na riba. Wapo vijana waliouacha mkopo kwa sababu hiyo, na twaiheshimu taqwa yao. Lakini tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021, na hadi leo tunakutana na wazazi wanaoikataa fomu kwa sababu ambayo haipo tena. Kilichobaki ni kulipa deni lenyewe, ambalo kwa mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Deni ni deni; mwenye kulichukua anuie kulilipa. Pamoja na hayo, Bodi haimpi kila mtu, wala haimpi kila kitu. Tungependa mfuko wa msikiti uwe na fungu la vitabu, nauli na gharama za vyeti. Mambo haya madogo ndiyo huwakwamisha watoto wa mafundi na mama lishe.

Sasa twafika mahali ambapo twaomba mtusikilize kwa makini kuliko kote. Kuna wazazi wanaodhani kwamba mtoto akipata shahada ya sheria tayari ni wakili. Sivyo. Kwa sheria ya mwaka 2007 ilianzishwa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi huiita Shule ya Sheria, nayo ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2008. Mhitimu wa chuo kikuu huomba tena nafasi huko, akiwa na vyeti vyake vyote, na hapo lile suala la majina huamka upya kama halikuzikwa vizuri. Hufundishwa kuandika hati, kuendesha kesi za madai na za jinai, maadili ya kazi, hata utunzaji wa fedha za mteja. Akifaulu ndipo huomba kwa Jaji Mkuu akubaliwe na kuandikwa katika orodha ya mawakili.

Mwaka 2022 matokeo ya taasisi hiyo yaliishtua nchi. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wanafunzi 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walishindwa kabisa. Hawa wote walikuwa na shahada. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza sababu. Watu walibishana sana: wengine waliilaumu taasisi, wengine vyuo, wengine wanafunzi. Sisi si wataalamu wa kuamua ugomvi huo. Lakini jambo moja lililotajwa mara nyingi twaliona kwa macho yetu humu msikitini, nalo ni udhaifu wa Kiingereza. Kijana amesoma miaka minne, na ukimpa kurasa mbili za hukumu ya Mahakama ya Rufani hawezi kukuambia ni nani alishinda na kwa nini.

Mtauliza: je, Kiswahili hakikufanywa lugha ya sheria na mahakama? Kilifanywa, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, na twashukuru, kwani mwananchi hana budi aielewe hukumu inayomfukuza katika nyumba yake. Lakini hukumu za miaka mingi zilizotangulia ziko katika Kiingereza, vitabu vya sheria viko katika Kiingereza, na mitihani tuliyoitaja ilikuwa kwa Kiingereza. Kijana anayesema atasubiri vyote vitafsiriwe atasubiri akiwa mzee. Tena tusijidanganye kwamba Kiswahili chetu nacho kinatosha. Kuandika pingamizi la kurasa mbili kwa Kiswahili sanifu, lisilo na neno la ziada, ni kazi ngumu, na wengi wetu hatuiwezi.

Kwa hiyo maombi ya kusomea sheria huanza kidato cha pili. Huanza mtoto anaposoma gazeti zima badala ya ukurasa wa michezo, anapoambiwa aeleze upande wa yule anayepingana naye kabla ya kutoa jibu. Madrasa zetu zilikuwa na adabu hiyo ya kujadili masuala ya fiqhi, hoja kwa hoja, na mwalimu akikatiza anayepandisha sauti. Tumeiacha, tumebaki na kukariri tu. Aliyezoea kupima rai mbili za wanazuoni bila kumtukana yeyote ana nusu ya mafunzo ya uwakili kabla hajaingia chuoni.

Neno kwa wazazi wenye mabinti. Yule mama wa kanga alipokuja, alisimama mlangoni kwa muda mrefu kabla hajasema. Alikuwa na mambo asiyoweza kuyaeleza mbele ya wanaume, na baadhi ya mambo hayo ndiyo yaliyokuwa na uzito katika shauri lake. Msituletee tena hoja kwamba binti akisoma sheria hataolewa.

Shauri la mama huyo bado halijamalizika, lakini sasa wajua kwamba binti yake wa pili yumo humu leo, ana matokeo mazuri, na sheria ndiyo aliyoichagua. Cheti chake cha kuzaliwa na cha kidato cha nne vinatofautiana herufi moja. Tumekwisha anza kushughulikia hati ya kiapo.

Kesho, Inshallah, baada ya Alasiri, tutakaa katika chumba cha maktaba kwa muda wa siku sita. Zile kompyuta mbili zimefunuliwa na zinafanya kazi. Kila mwombaji aje na cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, matokeo ya kidato cha sita, kadi ya kliniki kama ipo, na simu yake mwenyewe yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Mzazi mmoja aje naye, kwa sababu kuna maswali juu ya majina ya babu ambayo kijana hawezi kuyajibu. Mwongozo wa udahili tumeuchapisha nakala tatu. Usomwe humo humo, usichukuliwe nyumbani. Hakuna malipo isipokuwa ada ya maombi inayokwenda chuoni.

Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.